Wagonjwa Wasio wa Haraka

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri katika kitubio. Mwezi wa saba koko, bibi yangu, hakukosa miadi yake ya macho kwa sababu ya uhaba wa pikipiki. Alikosa kwa sababu yangu.

Kazi yangu ilikuwa moja tu. Kupanda hadi barabarani, kusimamisha pikipiki, kumwambia dereva angoje. Nilisimama pale dakika hamsini, mkono umeinuka hadi usawa wa tumbo. Pikipiki kumi na moja zilisimama zenyewe. Madereva wakaniuliza kama tunaenda. Nikatazama viatu vyangu. Mmoja nilimjibu kwamba namsubiri mjomba. Sina mjomba huku Kadutu, mtaa wetu. Kisha nikashuka nyumbani nikasema pikipiki hazipo. Kusema hakuna pikipiki Kadutu ni sawa na kusema hakuna maji ziwani. Waliniamini. Mimi ni kijana wa miwani, niko mwaka wa tano wa sekondari, wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Watu wa namna yangu hawadanganyi.

Leo kuna habari. Madaktari wa macho wanarudi, na Koko Georgette yuko kwenye orodha: Alhamisi tarehe 17, saa mbili kamili asubuhi, hospitali ya macho kule Ibanda. Atakayechelewa anafutwa. Baada ya hapo hakuna anayejua watarudi lini. Jicho la kushoto limeshafunikwa lote na mtoto wa jicho. La kulia linafuata mkondo huo. Koko alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na minne, na sasa hawezi kusoma jina lake mwenyewe juu ya bahasha. Mimi humsomea kila jioni. Bado ananisahihisha matamshi.

Maman amesema kazi yangu ni ileile. Siku kumi. Tumbo linaniuma tangu saa nane.

Jumanne, tarehe 8

Nimepona tumbo. Dawa imetoka katika somo la uraia. Mwalimu ameeleza neno partenariat: ushirikiano ambamo kila upande unaleta ulicho nacho, kisha wote wanatia sahihi. Nilinyoosha mkono kumshukuru, lakini moyoni tu.

Njia ya kwetu ni ngazi za udongo, pikipiki haifiki. Koko haoni ngazi, na magoti yake hayaziamini tena. Mgonjwa kama yeye hubebwa kwa kipoyi, kiti kilichofungwa juu ya miti miwili, hadi barabarani. Basi: shirika letu, yaani jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa, lilete mabega. Parking, yaani kituo cha madereva wa pikipiki, ilete pikipiki. Kituo cha afya kilete muhuri. Mimi nilete maandishi. Nimeandika kanuni zenye vifungu kumi na tisa. Hakuna hata kimoja kinachonitaka niongee na dereva.

Baada ya masomo nimezipeleka kwa Maman Colombe, muuguzi mkuu wa kituo. Nilisimama mlangoni hadi alipomaliza kusoma. Amefurahi kweli. Ambulensi yao ni moja, kwa wajawazito na walioumia. Wenye miadi ya macho, ya presha, ya kunyooshwa mguu, hao hawana mtu. Sharti lake ni moja: karatasi iseme wazi kwamba wagonjwa wetu ni "non urgent", si wa haraka. Asije mtu akatuita kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Nimeandika neno hilo kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Jina letu sasa ni Partenariat pour le Transport des Malades Non Urgents. Kwa kifupi, PATRAMANU. Koko amesema linasikika kama dawa ya minyoo.

Jumatano, tarehe 9

Ilibaki parking. Nilifika hadi mita ishirini kutoka kwao nikakumbuka kwamba mshirika huarifiwa kwa maandishi. Nikarudi.

Barua ameipeleka Tatiana, jirani yetu, ambaye tunasoma naye darasa moja. Tatiana huongea na kila mtu: wanajeshi, walimu, mbwa wa watu. Aliniuliza kwa nini nisiende mwenyewe, ni hatua mia mbili. Nilimweleza juu ya utaratibu wa barua. Alicheka njia nzima, nilimsikia.

Amerudi na sahihi ya Papa Mushagalusa, président wa parking. Inaonekana aliisoma barua kwa sauti mbele ya madereva wote, na walipofika kifungu cha tisa, kile cha nauli, walipiga makofi. Vizuri sana. Lakini amerudi pia na cheo. Kifungu cha nne kinasema pande husika zitamchagua mratibu. Zimemchagua Tatiana. Sikuwa nimeliona hilo. Mimi ni katibu.

Nimemwambia hongera. Nimemwambia pia kwamba mratibu hana ruhusa ya kugusa kalamu ya kanuni. Amesema, "Baki nayo, Gentil. Miye niko na mudomo."

Jumamosi, tarehe 12

Siku ya majaribio. Mgonjwa wetu wa kwanza ni Papa Isidore wa nyumba ya juu, aliyevunjika mguu mwezi wa sita. Miadi yake ya kunyooshwa mguu: saa tatu asubuhi.

Saa tatu: hakuna mtu.

Saa nne na nusu: wabebaji wa shirika wamefika wakitafuna miwa. Nimewaonyesha saa yangu. Wamenionyesha karatasi yangu. Mmoja ameweka kidole juu ya neno lililopigiwa mstari na kusema kwa upole kwamba wao ni watu wa kutii.

Saa sita kasoro: pikipiki. Dereva ameeleza hivi: "Karatasi inasema non urgent. Nikajisemea, wacha nimalize kwanza batu ya haraka." Hakuwa na ubaya wowote. Alidhani anatusaidia.

Papa Isidore mwenyewe alikataa kupanda kipoyi. Alikuwa amemwomba mwanawe amsomee karatasi. Ameketi mlangoni na suti yake ya misa akauliza mtaa mzima: "Miezi ine natembea na fimbo, na mutoto ya juzi ananiandikia kama ugonjwa yangu haina haraka? Haraka iko ya nani basi?" Mkewe ametaka nisahihishe mbele yake. Nilijaribu kueleza kwamba ni istilahi. Neno istilahi halikusaidia.

Mwishowe alikubali kubebwa, lakini walipofika hospitalini, mtu wa kunyoosha miguu alikuwa amekwenda kula.

Jumapili, tarehe 13

Mkutano baada ya misa, nyuma ya kanisa. Nilikaa safu ya mwisho kama katibu anayefikiri.

Malalamiko yote ni juu ya neno moja. Wagonjwa wanasema ni tusi. Mama mmoja mwenye presha amesema tangu jana watoto wanamwita Maman Non Urgent. Wabebaji wanasema neno linawachanganya. Papa Mushagalusa amesimama, kofia ya pikipiki kwapani, akasema yeye ana madereva sitini, na mtu akiwaambia haina haraka, wao watafanya nini, waikimbilie?

Tatiana amependekeza tuwaambie tu saa ya kufika. Uende parking jioni, useme: kesho saa fulani, watu wawili, asanteni. Watu wametikisa kichwa, wamelikubali. Nimeliona pendekezo hilo halina kina. Tena nilijua ni nani angetumwa jioni hizo ambazo Tatiana yuko kwenye mazoezi ya kwaya.

Nikainua karatasi. Nimependekeza kwa maandishi kwamba katibu apewe siku moja ya kutafakari. Imekubaliwa, kwa sababu mvua ilianza.

Jumatatu, tarehe 14

Nimetafakari. Kosa liko katika herufi tatu. Nimenunua chupa ya blanco, ule wino mweupe wa kufutia, na kutoka saa tisa hadi saa kumi na moja nimefuta neno NON juu ya karatasi arobaini. Nimepuliza kila moja hadi ikauke. Wagonjwa wote wa mtaa wamekuwa wa dharura bila maumivu yoyote.

PATRAMANU sasa ni PATRAMU. Fupi, ina nguvu.

Maman Colombe sijamwarifu. Muhuri wake ulikuwa umekwisha pigwa, na blanco haikuugusa.

Tatiana amezipeleka parking. Papa Mushagalusa ameitazama moja juani na kusema, "Sasa hii njo luga tunasikia."

Jumatano, tarehe 16

Kesho.

Kila kitu kiko tayari. Nakala moja kwa wabebaji, moja parking, moja kituo cha afya kama kinavyotaka kifungu cha nane. Kifungu cha kumi na moja kinasema pikipiki haitaondoka kabla ya katibu kutia sahihi karatasi ya safari. Nimechagua kalamu mbili.

Jioni nimemsomea koko. Baadaye akaniambia nifunge kitabu. Amesema siku hizi hanioni uso, anaona miwani tu inayong'aa, na hajui kama ninacheka au ninalia nyuma yake. Kisha akasema kwamba siku ile ya mwezi wa saba alikuwa ameketi mlangoni, amevaa tayari, anasikiliza barabara. Alihesabu pikipiki thelathini na moja.

Hakuniuliza kwa nini. Alipapasa hadi akapata mkono wangu. "Kesho uniitie mumoja tu, Gentil. Mumoja iko mingi."

Nimejilaza mapema lakini usingizi hauji. Mtu mzima, mwalimu, ameniomba jambo dogo kabisa. Ndiyo maana sitaki kumletea pikipiki moja ya kubahatisha. Nitamletea ushirikiano mzima.

Alhamisi, tarehe 17

Naandika polepole ili niweke mambo kwa mpangilio wake.

Saa kumi na mbili na nusu. Wabebaji wamefika wakikimbia. Kanuni zinasema wanne, wamekuja wanane. Karatasi ilisema URGENT, hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyebaki nyumbani. Maman akamfunga koko kwa kitenge, na kwa kuwa kulikuwa na manyunyu, mtu mmoja akamfunika kwa shuka. Shuka lilikuwa jeupe.

Saa moja kasoro robo. Walipandisha ngazi mbio. Juu barabarani Papa Mushagalusa alikuwa ametupangia heshima: pikipiki tano, taa zimewashwa, zote zinapiga honi bila kuachia.

Kila mtu wa Bukavu anajua hiyo ni nini. Shuka jeupe, watu wanane wanaokimbia, pikipiki zinazolia honi kwa pamoja: hivyo ndivyo tunavyosindikiza maiti. Mimi pia ninajua. Lakini nilikuwa nyuma, naangalia kama kalamu zinaandika.

Mama wa kwanza alipiga kelele kwenye ngazi ya thelathini. Wa pili hakuuliza, alipokea tu. Kufika juu mtaa mzima ulikuwa unalia. Huku kwetu huwezi kuipita familia yenye msiba bila kuisimamisha na kuishika mikono, na familia haiwezi kukataa kushikwa. Kipoyi kilisimamishwa kila mlango. Viti vya plastiki vilianza kutoka. Maman Colette, kiongozi wa kwaya, alishika wimbo wa marehemu na wengine wakampokea. Nilimsikia mtu akimpigia simu ndugu yetu wa Nyangezi, anamwambia ashuke leo leo.

Wakati huo koko alikuwa chini ya shuka. Baadaye ametuambia alidhani kuna jirani amefariki, akawa anamwombea.

Kisha akasikia jina la marehemu. Shuka likainuka. Akaketi wima juu ya kiti chake, na kwa sauti ile ya darasa la tatu akasema, "Colette, miye niko hapa. Na weye unaimba faux, inje ya noti, kama siku zote."

Watu walikimbia. Halafu walirudi, na hapo ndipo hatari ilipoanza, kwa sababu sasa walitaka kushukuru kwa muujiza. Mtu mmoja alipiga magoti. Wengine walitaka kumgusa. Saa ilikuwa moja na nusu. Pikipiki tano zilikuwa tayari, mita kumi mbele yetu, na Papa Mushagalusa alikuwa anapaza sauti kwamba anangoja sahihi ya katibu, kifungu cha kumi na moja, yeye si mtu wa kuvunja kanuni. Nilikuwa katikati ya umati na karatasi juu ya kichwa. Nilisema pardon. Nilisema pardon mara kumi na moja. Sauti yangu haiendi mbali.

Kisha ikafika ambulensi. Nilikuwa nimeisahau nakala ya kituo cha afya. Maman Colombe aliteremka na glavu mkononi, akauliza mgonjwa wa dharura yuko wapi. Wakamwonyesha koko, aliyekuwa anamsahihisha Maman Colette mstari wa pili. Maman Colombe aliitazama karatasi. Akaikwaruza kwa ukucha. Blanco ikatoka. Akanitafuta kwa macho hadi akanipata.

Nilipomwomba, kupitia Tatiana, kama basi ambulensi ingeweza kumfikisha koko Ibanda, alisema haiwezekani. Mgonjwa huyu ni non urgent. Na kuna mama anajifungua kule chini. Ambulensi ikageuza ikaondoka.

Saa mbili kasoro kumi na tano. Koko akauliza saa. Nikamwambia. Akawaambia wabebaji wamteremshe. Akamshika Tatiana bega, akapiga hatua nne hadi ukingo wa barabara, asikokuona, akainua mkono. Pikipiki ikasimama. Haikuwa ya parking yetu, haikuwa na karatasi, ilikuwa inapita tu na njia zake. Nilisikia kila kitu alichosema, si kirefu: "Ibanda, kwa ba docteur ya macho. Na usikimbie, papa, miye siko maiti." Tatiana akapanda nyuma ya koko, akamkumbatia kiunoni. Wakashuka kona. Wakapotea.

Nilimfikia Papa Mushagalusa saa mbili na dakika tatu. Nilitia sahihi karatasi zote tano.

Walifika saa mbili kasoro dakika moja, kwa mujibu wa Tatiana, ambaye huongeza chumvi. Jina la koko lilikuwa la pili kuitwa. Jicho la kushoto limefanyiwa upasuaji kabla ya saa sita.

Maharage ya msiba yalikuwa yameshabandikwa. Yaliliwa. Ndugu wa Nyangezi alifika saa nane akiwa na kuku wawili na hasira.

Jumamosi, tarehe 19

Koko amelazwa siku mbili, na leo ameruhusiwa kurudi. Maman yuko sokoni. Tatiana amesema yeye alimpeleka, mimi nimrudishe, ni zamu ya haki. Nimekwenda kwa miguu.

Nilimkuta kwenye benchi la uani. Alinitazama usoni muda mrefu kwa jicho lake jipya, bandeji imeshatolewa. Nilingoja neno kubwa. Amesema nimefunga vifungo vya shati vibaya, na kwamba nimekuwa mrefu bila kumwarifu mtu.

Kisha akasema amechoka, anataka nyumbani. Pikipiki zilikuwa zimepangwa nje ya geti, hatua ishirini hivi, madereva wanatutazama. Akaniambia nikaite mmoja.

Hapo ndipo nilipoona benchi lenyewe. Kulikuwa na wengine sita, kila mmoja jicho moja limefungwa bandeji, wote wameruhusiwa, wote wanangoja namna ya kurudi. Nikaelewa papo hapo kosa letu lilikuwa wapi. Halikuwa katika neno. Ushirikiano ulihusu kwenda tu. Hatukuwa tumeandika chochote juu ya kurudi.

Nilimwomba koko angoje kidogo. Nikatoa daftari.

Kifungu cha kwanza nilimwonyesha. Alikishika mbali na uso, akakisoma chote, neno kwa neno, kitu cha kwanza alichosoma kwa miaka miwili. Akaniambia acheminement, yaani usafirishaji, haina m mbili katikati. Akanirudishia daftari, akasimama, akawaambia wale sita wasimame pia, washikane mabega, mwenye jicho la kulia wazi atangulie. Wakatoka getini kwa mstari. Sikusikia alichowaambia madereva. Pikipiki saba ziliondoka moja baada ya nyingine. Benchi likabaki na mimi.

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki. Nilisahihisha acheminement. Niliandika kifungu cha pili na cha tatu. Nilitoka getini, dereva mmoja akaniuliza kama tunaenda, nikamwambia namsubiri koko. Kisha nilitembea kwa miguu hadi Kadutu, saa moja na nusu, mlima mtupu, na njiani nilipata jina: PATRAMARE, kwa sababu ya retour, kurudi. Nyumbani koko alikuwa amekwisha kula na alikuwa dirishani anasoma bahasha za zamani.

Nimeandika upya barua kwa Papa Mushagalusa. Nimeiingiza chini ya mlango wa akina Tatiana, aipeleke yeye. Sikubisha hodi.